Tupeane uzoefu: kuvalisha siti ya pikipiki kava jipya nyumbani, hapa Dodoma

Ndugu wadau, salaam. Wenye pikipiki hapa Dodoma tunafahamu kuwa kava la siti haliishi kwa kukaliwa tu, bali huuawa na jua: leza (ngozi bandia ya kava) hukauka, hukakamaa, kisha hupasuka kwenye mshono, na mvua za Desemba zikianza sponji hunywa maji ambayo abiria wa asubuhi huyagundua kabla ya mwenye chombo. Naomba waliokwisha kuvalisha siti zao wenyewe waeleze walivyofanya, hasa kuhusu sponji na mshono. Suala la rangi na mapambo tuliache, kila mtu ana macho yake.

Mdau wa Nkuhungu:
Nianze na kuvua. Pini za zamani, zile za stepla zinazoshikilia kava chini ya siti, huzing'oa mojamoja kwa bisibisi bapa na koleo, wala silivuti kava kwa nguvu, kwa kuwa kava kuukuu ndilo kipimo cha kukatia jipya. Huliwekea alama za chaki mbele na nyuma, kulia na kushoto, kisha hufumua mishono kwa wembe ili vipande vilale bapa juu ya leza mpya. Ukingo wa chini huuongezea kama sentimita 3, maana leza isiyo na mahali pa kushikia haivutiki. Ziada itakatwa mwishoni.

Kabla ya kuvalisha, leza huitandaza juani. Jua la saa nane mchana, lile lile lililoua kava la kwanza, hapa hufanya kazi ya bure, kwani leza ikipata joto hulainika na kukubali kukunjwa penye kona. Huanza na pini chache mbele, siti inapokutana na tangi, halafu nyuma, halafu katikati ya kila ubavu, na kutoka hapo husogea taratibu nikivuta kulia na kushoto kwa zamu. Anayemaliza ubavu mmoja kabla ya kuugusa wa pili atapata mshono uliopinda hata kama ulishonwa vizuri. Pini ziwe fupi, za milimita 6, kwa sababu kitako cha siti ni plastiki nyembamba, na pini ndefu hutokeza upande wa pili na kuweza kuchoma leza ukingoni.

Mdau wa Kibaigwa:
Kava zuri juu ya sponji iliyokufa ni pesa iliyotupwa. Mimi hukata sehemu iliyobonyea na kupachika kipande cha godoro gumu, nikikichonga kwa kisu cha mkate na kukisawazisha kwa msasa hadi kiungo kisisikike kwa kiganja. Gundi ya viatu nipake kidogo, pande zote mbili, nisubiri hadi isinate kidoleni ndipo nigandishe. Ikiwa nene hukauka ikawa tuta, na tuta hilo utalijua ukifika njiani kuelekea Morogoro. Tena usiinue siti kupita kiasi, kwani dereva ambaye miguu haifiki chini vizuri hupata taabu kila abiria anapopanda.

Mdau wa Chang'ombe:
Mimi ni fundi cherehani na vijana wa kijiweni huniletea makava. Kaka wa Nkuhungu amesema vyema, ila siti nyingi ninazoletewa zimekufa kwa mshono wa karibu karibu. Leza si kitambaa. Sindano ikishaitoboa, tundu halizibiki, na mishono midogo huifanya ichanike kama stempu. Hatua, yaani umbali kati ya tundu na tundu, iwe milimita 4 hivi, sindano namba 18, na uzi uwe wa nailoni au polista, kwa sababu uzi wa pamba huoza kwa jasho na maji. Baada ya kushona, geuza kava na ugandishe ukanda mwembamba wa leza juu ya mshono kwa ndani.

Mdau wa Manyoni:
Wapo wanaofunika sponji kwa nailoni. Mimi sikubaliani nao: maji yakishapenya kwa chini hayatoki tena, na siti hunuka. Ukanda wa dada wa Chang'ombe unatosha. Kagueni pia vile vifundo vya mpira chini ya kitako. Vikipotea, plastiki hugonga fremu na kupasuka.

Mwanzisha mada:
Nashukuru. Dada wa Chang'ombe, je, cherehani ya miguu ya nyumbani itaweza?

Mdau wa Chang'ombe:
Inaweza, kaka. Tabaka mbili hupita bila shida. Penye makutano ya vipande, ambapo tabaka hufika nne, acha kukanyaga na uzungushe gurudumu kwa mkono, vinginevyo sindano itavunjika. Leza ikinata chini ya mguu wa cherehani, weka karatasi nyembamba juu yake, shona vyote pamoja, kisha ichane karatasi.