Tupeane uzoefu: rafiki uliyebaki naye kwa sababu ya vitabu

Mwalimu wa Msamvu

Habari zenu ndugu zangu. Leo naomba tusimuliane kuhusu rafiki tunayesoma naye. Yule mmoja ambaye ukifunga kitabu saa sita ya usiku, roho haitulii mpaka umwambie.

Nianze na wangu. Tulikutana chuo cha ualimu mwaka 2009, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini. Wiki mbili za kwanza tulikuwa watu wa salamu tu. Siku moja akanikuta na *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, akachungulia ukurasa, akaruka: "We! Namagondo si kwetu huko!" Kumbe ni mtoto wa Ukerewe. Mimi nilikuwa nimeshafika katikati ya kitabu lakini kisiwa chenyewe nilikuwa sikioni. Usiku ule akanivusha kwa kivuko kutoka Mwanza mpaka Nansio, akanionyesha mihogo iliyoanikwa juu ya mawe, akaninusisha na dagaa. Akaniambia mama yake alikisoma kwa kukificha chini ya godoro, maana kilipotoka mwaka 1971 hakikukaa sana kikapigwa marufuku mashuleni. Nikarudi ukurasa wa kwanza nikaanza upya.

Tulipomaliza chuo tukapangiwa vituo, yeye Kasulu, mimi huku Morogoro. Mwaka wa kwanza tulipigiana simu sana. Mambo? Poa. Watoto wa shule? Wazima. Mvua? Imenyesha. Halafu kimya, kila mmoja anasikiliza salio likiisha. Hatukugombana hata siku moja, ila nilikuwa nauona urafiki unakauka kama kisima cha kiangazi na sijui nifanye nini.

Ndipo siku moja nikapigiwa simu na ofisi ya basi, kuna mzigo wako. Bahasha ya kaki, ndani *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi. Kitabu kizima kimejaa maandishi ya penseli pembeni. Sehemu nyingine amebishana na Denge, yule mpigania uhuru wa kitabuni, sehemu nyingine ameweka alama ya kuuliza tu. Nikafika pale Yasmin amemkimbia yule mzee Raza aliyeozeshwa, ndugu zake wamemkataa, na shoga yake Mwajuma anamfungulia mlango. Pembeni ameandika maneno mawili: "Hapa nilikukumbuka."

Niliweka kitabu chini. Mwaka wa pili chuoni nyumbani kwao walikwama kumtumia pesa, tukala sahani moja muhula mzima, mlo wangu tukiugawa. Hatukuwahi kulitaja jambo hilo, si wakati ule wala baadaye. Alilihifadhi miaka yote ile mpaka akakuta mahali pa kuliweka.

Tangu hapo salamu yetu ni moja: "Umefika wapi?" Nikimjibu kwamba nimekwama ukurasa wa arobaini wiki ya tatu sasa, hahitaji kuambiwa zaidi. Anajua kuna mtoto mgonjwa au shuleni hapakaliki, jioni anapiga.

Hatupendi vitabu vilevile, na hilo tumeliwekea sheria: asiyekipenda aseme. Nilimwambia *Nagona* imenishinda, akaninunia siku mbili, kwa sababu Kezilahabi ni wa kwao na yeye humsemea kama ndugu wa damu. Siku ya tatu akaniandikia nisikisome kama riwaya, nikisome alfajiri, kurasa tatu tatu, kwa sauti. Nimejaribu. Bado kinanishinda, na nimemwambia hivyohivyo.

Karibuni. Wenu ni nani, na kitabu gani kiliwashikanisha?

Bint Ng'ambo

Asante mwalimu, umenigusa. Mie niko Muscat mwaka wa sita sasa, kazi za ndani. Shoga yangu yuko Unguja. Nilipoondoka tuliahidiana tutasoma pamoja, lakini huku kitabu cha Kiswahili utakipata wapi, na hata nikikipata, mikono yangu haiwi mitupu mpaka usiku wa manane.

Basi yeye akaamua kunisomea. Ilipotoka tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, *Peponi*, mwaka 2022, alikwenda akainunua, akaanza kunitumia sauti, dakika kumi kumi. Mie naweka kisikilizi sikio moja, napiga pasi. Nyuma ya sauti yake nasikia adhana, nasikia majogoo, nasikia mama yake akimwita aje atie maji. Mara nyingine nilikuwa narudia kipande si kwa sababu ya hadithi, ni kwa sababu ya yule mama kuita.

Kuna pale Yusuf anapokuja kuelewa kwamba tajiri Aziz si ami yake, kwamba baba yake alimtoa kwa ajili ya deni. Shoga yangu akasoma mpaka hapo akanyamaza. Sekunde kama ishirini hivi hakuna kitu, namsikia anavuta pumzi. Anajua nilivyotoka nyumbani na kwa nini. Kisha akasema, "Tuishie hapa leo," na siku ya pili akaendelea bila ya kuuliza. Nilimshukuru kwa kutouliza.

Sauti zote ninazo. Simu ilipojaa nikafuta picha zangu mwenyewe.

Kijana wa Inama

Huku Nairobi vitabu vya mitumba vinatandazwa chini kando ya barabara, hadi uiname ndio uone, kwa hivyo tunaviita inama. Mimi na rafiki yangu tulikuwa tunachanga, kila mmoja nusu ya bei, na kitabu kinakuwa cha wawili. Wiki mbili kwake, wiki mbili kwangu. Alipohamia Eldoret tukagawana vitabu kama watu wanaogawana shamba, tena kwa huzuni. Tulichokosa kukubaliana ni *Kuli* ya Adam Shafi, kwa hivyo hicho husafiri kila Desemba. Mwaka huu kiko kwangu.

Mjukuu wa Handeni

Mimi langu si zuri. Nilimwazima rafiki *Kusadikika* ya Shaaban Robert iliyokuwa ya marehemu baba, ina sahihi yake na tarehe ya 1968 kwenye jalada la ndani. Akahama nyumba, kikapotea. Duniani vitabu hivyo vipo, aliniletea hata kipya. Nikakipokea, nikasema ahsante, na nikaacha kupokea simu zake. Miaka minne. Sasa naona nilimwadhibu kwa kifo cha baba, ambacho hakukisababisha yeye.

Bint Ng'ambo

@Mjukuu wa Handeni pole sana kaka. Hicho kipya alicholeta umekisoma?

Mjukuu wa Handeni

Hapana dada. Kipo kwenye nailoni yake mpaka leo.

Mwanafunzi wa Nne

Samahani walimu wangu, shikamooni. Naomba kuuliza, kitabu kinatumwaje kwa basi bila kuharibika? Rafiki yangu amehamishiwa shule ya Tabora na sisi hatuna simu nzuri.

Mwalimu wa Msamvu

Marahaba mwanangu. Kifunge kwanza kwenye nailoni, kwa sababu mvua huingia hata kwenye buti la basi, halafu ndiyo uweke karatasi ngumu juu. Jina na namba ya simu ya mpokeaji andika pande zote mbili, na ndani pia, kwenye ukurasa wa kwanza, maana kaki huchanika. Kama hana simu, weka namba ya mwalimu wake au mzazi, na umjulishe kabla. Lipia ofisini, usimpe mtu njiani. Risiti itunze na namba ya basi iandike pembeni, hiyo ndiyo atakayoulizwa.

Na @Mjukuu wa Handeni, nimekusoma mara tatu leo. Sina ushauri. Ila mimi vitabu vya marehemu mama siviazimi kwa mtu yeyote. Anayevitaka anakuja anasomea kwangu, chai namchemshia.

Mwalimu wa Msamvu

Narudi tena, siku tano baadaye. Baada ya kumsoma Bint Ng'ambo niliitafuta *Peponi*, ikaletwa juzi kutoka Dar. Nimeisoma mpaka pale alipopataja, nikasimama. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa stendi, inaondoka na basi la Kigoma linalopita Kibondo mpaka Kasulu. Sijaandika chochote pembeni. Nimeweka penseli mpya ndani, nimeichonga, nimeifunga kwa uzi kwenye jalada.