Tupeane uzoefu: kujitolea mtaani ukiwa kijana kulikufundisha nini?

Wakuu, naanza mimi. Desemba 2011, yale mafuriko ya Jangwani, Dar. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nashinda kibarazani nasubiri matokeo. Waliobomokewa nyumba waliwekwa kwenye madarasa ya shule jirani, kabla ya kuhamishiwa viwanja vya Mabwepande. Nilikwenda kushangaa tu kama wengine. Mama mmoja wa kamati akanishika mkono: "Mwanangu, una mwandiko mzuri?" Nikakabidhiwa daftari la kugawia mablanketi.

Siku hiyohiyo bibi mmoja akarudi kwenye foleni. Nikamkatalia mbele za watu, tena kwa sauti: "Bibi, wewe umeshachukua." Kumbe la kwanza alimpa mzazi wa siku tatu aliyekuwa amelala sakafuni. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikachukua rula, nikachora safu ya nne: "anamchukulia nani". Leo nashika stoo ya watu na safu hiyo bado naichora. Nyie je?

Binti Kigogo: Mimi nilihamasisha kikundi kizima tukachangie damu. Kufika, mizani ikasema kilo 46, na wao wanataka kuanzia 50. Aibu yake sasa! Nesi akanionea huruma, akaniweka kwenye meza ya soda na biskuti: "Ukiona mtu anatoka jasho jembamba, niite." Wa kwanza kulegea alikuwa kaka mmoja mnyanyua vyuma, yuleyule aliyenicheka kwenye mizani. Nikamlaza, nikampandisha miguu juu ya kiti kama nilivyoelekezwa, wala sikupiga kelele. Sasa hivi niko mwaka wa pili uuguzi, nina kilo 54, na kila baada ya miezi minne naenda.

Wa Mbagala: Nitawaharibia uzi, mnisamehe. Nilijitolea ofisi moja miaka miwili na nusu, kila mwezi naambiwa "vumilia, nafasi zinakuja." Kutoa kopi, kuchemsha chai, kutumwa benki. Nauli ya daladala mbili kwenda, mbili kurudi, ilitoka kwenye genge la mama. Nafasi ilipokuja akaletwa mtu mwingine, na mimi ndiye niliyemwonyesha faili zilipo. Huko ni kutumikishwa, msituchanganyie maneno.

Mzee wa Tandale: Dogo, pole sana. Umesema kweli.

Hapa kwetu usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ulikuwa mchezo wa kuigiza. Vijana wanazibua mtaro, tope na chupa wanarundika ukingoni, picha zinapigwa, watu wanatawanyika. Mvua ya kwanza inarudisha kila kitu ndani. Mwaka mmoja nikamwambia mwenyekiti wa mtaa: hela ya maji na soda wape hawa watoto, wapange wenyewe. Nilipigiwa kelele kwamba wataila. Walichofanya? Walitafuta gari la taka kwanza, wakabishana bei na dereva siku nzima, ndipo wakatangaza siku ya kazi. Maji walikunywa ya bomba. Aliyeshika ile hela alikuwa binti wa miaka 19, na risiti aliibandika kwenye mlango wa ofisi ya mtaa kwa ugali, maana gundi haikuwemo kwenye bajeti.

Wa Mbagala, Jumamosi tunaingia mtaro wa nyuma ya soko. Unavaa gambuti namba ngapi?

Wa Mbagala: Namba 8, mzee. Ila chai sichemshi.