Kopi ikiuzwa kwa jina la kopi, kosa liko wapi?

Wadau wa Tanga na kwingineko, salaam. Kuna kijana pale Ngamiani ana meza ya saa. Ukishika Rolex yake ukamkazia macho, hakufichi: "Kopi hiyo, mjomba, elfu ishirini na tano." Wengi tunamwona mkweli asiye na kosa. Mimi pia, mpaka tulipogawa mirathi.

Mzee wetu aliacha Rolex aliyoinunua zamani kwa baharia, bandarini. Tanga ni waja leo waondoka leo. Muuzaji alikuja na meli akaondoka na meli. Siku ya kugawana, kaka mkubwa akaomba saa, akatuachia sehemu yake ya minazi ya Pangani. Nikiri, nilinuna, nikaona kapata yeye. Mwezi wa pili mkanda ukakatika, akaipeleka kwa fundi. Fundi akautazama mshale wa sekunde: unaruka, unatua, unaruka. Akabandua kifuniko. Ndani betri imeota kutu ya kijani, na kimashine kidogo kama kifungo cha shati kimeshikizwa na duara la plastiki nyeupe. Kopi.

Sasa nani aliyedanganya? Pengine baharia alimwambia mzee ukweli. Mzee hakutuambia lolote. Iliyosema ni saa yenyewe, kwa maandishi ya usoni. Neno "kopi" hutamkwa mara moja likaisha. Nembo inabaki miaka. Ikifika kwa mrithi au kwa mshika rehani, aliyeambiwa hayupo tena. Kwangu mimi, kijana wa Ngamiani anauza uongo wa kesho. Nipingeni.

Mdau wa kwanza: Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu 1963, na FCC, Tume ya Ushindani, hukamata mizigo yenye nembo za kughushi na kuiteketeza. Mjadala wa nini?

Mdau wa pili: Mkuu, na kofia za mashine zinazouzwa kando ya zile za kushonwa kwa mkono? Mbona hakuna anayeitwa mwizi? Mzee wako alitaka kupendeza Idi, akapendeza. Tamaa ya kaka yako isimponze muuza meza.

Mleta mada: Kofia ya mashine haina jina la mshonaji mwingine. Hapo ndipo tofauti.

Fundi saa, Makorora: Niseme la kazi. Mshale kuruka peke yake si ushahidi. Rolex wenyewe walitengeneza Oysterquartz kuanzia 1977, ni ya betri na inaruka vilevile. Za kujivuta zenyewe za siku hizi, zisizo na betri, hupiga mara 8 kwa sekunde, mshale unateleza. Lakini kopi nzuri nazo zinateleza, kwa hiyo bila kufungua kifuniko nabahatisha tu. Na msidhani feki ni Rolex peke yake. Naletewa Seiko 5 za zamani, mashine halali kabisa, uso umepakwa rangi upya hadi maandishi yamekaa upande. Hiyo mtaiitaje? Jingine, hewa yetu ya chumvi. Kopi nyingi mpira wa kifuniko ni mwembamba, kioo kinafanya ukungu ndani. Orijino iliyozeeka bila kubadilishwa mpira nayo inakufa vilevile, jina halizuii maji.

Mdau wa pili: Fundi umeongea. Ya rangi mpya mimi nasema ni ukarabati, alimradi usiitangaze kama haijaguswa.

Kijana wa meza: Nimetumiwa huu uzi. Mimi sijamwambia mtu ni orijino hata siku moja. Mnataka niandike KOPI usoni? Nani atanunua?

Mleta mada: Umejijibu, mdogo wangu. Kama neno hilo linafukuza mteja, basi mteja ananunua nembo.

Fundi saa, Makorora: Mafundi tuna desturi: tukihudumia saa tunachora tarehe na alama ndogo ndani ya kifuniko, ili atakayeifungua baadaye ajue. Nitaongeza herufi K kwa kila kopi inayopita mkononi mwangu. Usoni haionekani, kijana hapotezi mteja, na mrithi akija anasomewa.

Mdau wa kwanza: Herufi haiondoi kosa, inaliwekea kumbukumbu tu.

Kijana wa meza: Fundi, herufi moja unachora bei gani? Ninazo kumi na nne.