Homoni ziko sawa, mbona hali inarudi kila akikaribia hedhi?

Mhudumu_Ngamiani: Habari wadau. Hapa Tanga kuna dada ambao wiki moja kabla ya hedhi hubadilika kabisa: hasira, kilio, kukata tamaa. Damu ikianza, siku mbili tatu wametulia. Nyumbani wanaambiwa wana jini. Vipimo vya homoni vinatoka kawaida. Daktari anatambuaje, na niwaandae vipi kabla hawajaenda hospitali ya Bombo?

Bi_Muuguzi: Ndugu yangu, hela ya kupima homoni waitunze. Kiwango hakina kasoro. Ubongo ndio unaoyumba homoni zikibadilika baada ya yai kupevuka. Si jini wala kisirani. Ni PMDD, yaani hisia kuvurugika vikali kabla ya hedhi, na imo kwenye ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 2022.

Kinachotambulisha ni daftari. Kila jioni, kwa mizunguko isiyopungua miwili, aandike tarehe na alama 1 (hakuna) hadi 6 (imezidi) kwa kila dalili: hasira, huzuni, wasiwasi, hisia kugeuka ghafla, kisha usingizi, hamu ya kula, uchovu, umakini, kuelemewa, kutopenda chochote, maumivu ya mwili. Siku za damu aweke D. Daktari hutafuta dalili 5 au zaidi, angalau moja kati ya zile nne za mwanzo, na ziwe zinavuruga kazi au nyumba.

Wengi huharibu hapa: hujaza wiki nzima kwa kukumbuka, au huandika siku mbaya tu. Siku nzuri ndizo zinazoamua. Wiki ya baada ya hedhi ikiwa nayo imejaa 4 na 5, huenda ni sonona inayozidi kabla ya hedhi, na tiba yake hupangwa tofauti.

Mfamasia_Chumbageni: Naongezea. Anayetumia sindano au kijiti cha uzazi wa mpango aseme, maana damu isiyo na mpangilio inavuruga usomaji wa daftari. Ramadhani saa za kulala na kula hubadilika, aandike pembeni. Tezi ya shingo na wingi wa damu vipimwe.

Dawa inayotumika sana ni fluoksetini, dawa ya sonona, miligramu 20, kila siku, au kuanzia siku 14 kabla ya hedhi mpaka damu ianze. Kwenye sonona husubiriwa wiki kadhaa; hapa nafuu huweza kuja ndani ya siku chache. Tafadhali asijinunulie dukani: mwenye baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka) inaweza kumpandisha hisia kupita kiasi, na kuichanganya na tramadoli, dawa ya maumivu, ni hatari.

Mhudumu_Ngamiani: Shukrani sana. Na asiyejua kuandika?

Bi_Muuguzi: Achore mistari, mmoja hadi sita, kwa hasira, huzuni, wasiwasi na usingizi tu, mengine daktari atamuuliza. Lakini akisema afadhali afe, habari ya daftari iachwe. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asiachwe peke yake, na dawa zote na sumu ya panya zitolewe ndani.