Tupeane uzoefu: kuunganisha simu au pleya ya muziki na redio ya nyumbani kidijitali, bila AUX

Wakuu, habari za jioni. Huu uzi ni wa sisi tunaotaka muziki usikike sawasawa sebuleni. Hapa Dar simu zimejaa nyimbo, amplifaya zipo, na katikati yake kuna waya wa AUX, ule unaochomekwa tundu la hedifoni, uliochoka. Kwa njia ya AUX, sauti inageuzwa na kachipu kadogo ndani ya simu, inapita kwenye amplifaya ndogo ya hedifoni, kisha inaokota kila kelele iliyopo njiani. Ukitoa kidijitali, kinachotoka ni namba tu. Kazi ya kuzigeuza kuwa sauti inafanywa na DAC, iwe ndani ya risiva au kwenye kikasha cha pembeni.

Mimi natumia simu ya Android, waya wa OTG (unaoiwezesha simu kutumia vifaa vya USB), DAC ndogo ya USB, halafu waya wa RCA wenye ncha nyekundu na nyeupe mpaka kwenye amplifaya. Android ilianza kukubali sauti ya USB kwenye toleo la 5.0, mwaka 2014, kwa hiyo simu nyingi za sasa zinaweza. Ila simu nyingi hubadilisha kila wimbo kuwa 48 kHz (yaani vipimo 48,000 vya sauti kwa sekunde) kabla ya kuutoa, wakati CD ni 44.1 kHz. Programu ya USB Audio Player PRO inakwepa hatua hiyo na kupeleka faili kama lilivyo. Nina dansi la zamani nililonakili kutoka CD, na sasa gitaa la solo na la rithimu nayasikia kila moja mahali pake. Karibuni, semeni mna vifaa gani na mmepata nini.

Mdau wa Tabata:
Asante mkuu. Kilichonihamisha AUX ni mngurumo. Nikichomeka chaji huku muziki unapiga, spika zinanguruma mfululizo. Nikichomoa chaji, kimya. Fundi wa kwanza alitaka kufungua amplifaya. Kijana mmoja wa Kariakoo akaniambia niiache, ni nzima. Chaji na amplifaya vyote viko kwenye umeme wa nyumba, waya wa AUX unakamilisha mzunguko, na mkondo mdogo unapita pale pale inapopita sauti. Akanipa kikasha kinachopokea USB na kutoa optikali. Optikali inapitisha mwanga, hakuna shaba inayounganisha vifaa viwili, kwa hiyo mzunguko unakatika. Mngurumo uliisha palepale, na chaji imo.

Mkinunua waya huo, ncha zake huja na vikofia vya plastiki, vitoeni. Utaona nukta nyekundu ya mwanga. Nukta ikiwepo na sauti hakuna, nenda kwenye risiva uangalie umechagua tundu gani. Na msiukunje kona kali nyuma ya kabati.

Mdau wa Upanga:
Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Nina iPod Classic niliyoletewa na kaka yangu, imejaa taarab. Zile iPod zikiwekwa kwenye doki za kawaida zinatoa sauti iliyokwisha kugeuzwa. Mwaka 2008 Wadia walitoa doki ya 170 iTransport, ya kwanza kuchukua namba zenyewe kutoka kwenye iPod na kuzipeleka kwenye DAC. Kuipata hapa mjini ni kazi. Nilichofanya ni kuhamishia nyimbo kwenye iPhone, nikatumia adapta ya Apple ya kamera, ile ya Lightning kwenda USB, na DAC ikaitika mara moja. Wenye iPhone 15 kuendelea hawaihitaji, tundu lao ni USB-C.

Dada wa Sinza:
Samahani kaka zangu, Bluetooth si dijitali pia? Mbona mnahangaika na nyaya?

Mwanzisha uzi:
Ni dijitali dada, umesema kweli, ila inaminya. CD inapitisha kilobiti 1,411 kwa sekunde. SBC, mtindo wa kawaida wa Bluetooth, huishia kama 328 hivi. LDAC, mtindo mwingine wa Bluetooth, inafika 990 simu na kipokezi vikiukubali vyote viwili. Ukiwa jikoni unapika, Bluetooth inatosha kabisa. Ukikaa chini kusikiliza, chukua waya.

Mdau wa Kigamboni:
Mimi nina pleya ya FiiO X3. Ina tundu la koaksia, linalotoa namba kwa waya wa shaba, linafanana na la hedifoni, lakini linataka waya wake maalumu unaoishia kwenye RCA moja. Upande wa pili unaingia kwenye tundu la koaksia la risiva, mara nyingi la rangi ya chungwa. Msiuchomeke kwenye matundu ya nyekundu na nyeupe, hayo hayasomi namba. Huku kwetu karibu na bahari ncha za RCA zinashika kutu haraka, nazifuta kwa spiriti kila ninapofagia nyuma ya redio.

Mdau wa Mbagala:
Sabufa yangu haina optikali wala koaksia. Ndiyo basi?

Mwanzisha uzi:
Hapana ndugu yangu. Kama ina tundu la flashi, tayari inasoma namba yenyewe. Weka nyimbo kwenye flashi na usikilize. Ubora utategemea chipu ya sabufa, na nyingi zinasoma MP3 tu. Ukitaka zaidi ya hapo, tafuta DAC yenye RCA mbili za kutoa, uchomeke kwenye nyekundu na nyeupe za sabufa. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji aiwashe na simu yako mwenyewe pale dukani, maana kuna simu ambazo OTG lazima uiwashe kwenye mipangilio, na kuna DAC zinazokula umeme kuliko simu inavyoweza kutoa. Wengine wenye risiva za zamani, wekeni picha za nyuma tuone matundu.