Barbie na Oppenheimer zilitoka siku moja zikavuna zote. Kwa nini Mission: Impossible ndiyo iliyoumia?

Kijana wa Mbeya

Wakuu, salaam. Kuna hoja imetugawa kijiweni tangu jana jioni na hakuna aliyemshinda mwenzake, nikaona niilete kwa wanaofuatilia biashara ya sinema.

Julai 21, 2023, Barbie, picha ya mwanasesere, na Oppenheimer, ya mwanasayansi wa bomu la atomiki, zilitoka siku moja. Nilitegemea moja imeze nyingine. Badala yake, Marekani na Kanada pekee, Barbie iliingiza dola milioni 162 wikendi ya kwanza na Oppenheimer milioni 82. Ila Mission: Impossible ya Tom Cruise, iliyokuwa imewatangulia kwa siku 9 tu, wikendi hiyohiyo ikaporomoka chini ya milioni 20. Sasa ushindani upo au haupo? Na kama upo, umempigaje aliyewahi, ukawaacha wawili waliogongana uso kwa uso?

La pili: kwa nini vita yote hii iwe Mei hadi Agosti? Huku kwetu Julai ni baridi ya kujifunika blanketi mbili, mtu hatoki nje jioni kwenda kutazama picha.

Mlinda Skrini

Mkuu, wikendi hiyo nilikuwa kazini. Nipo Columbus, Ohio, kwenye jumba la sinema lenye kumbi nyingi, na kazi yangu ni ratiba: filamu gani iingie ukumbi upi, saa ngapi. Kwa hiyo nakujibu nilivyoiona kutoka ndani.

Watu wengi wanadhani filamu zinagombea watazamaji. Kabla ya watazamaji, zinagombea kumbi na saa. Ukikosa ukumbi mzuri saa moja jioni ya Ijumaa, hata mtu anayekupenda hatakuona.

Mission ilitoka Jumatano, Julai 12. Wiki yake ya kwanza ilikuwa na kila kitu: skrini za IMAX, zile kubwa kupita za kawaida, kumbi kubwa za spika nzuri, saa zote za jioni. Siku tatu za wikendi ya kwanza ikapata kama milioni 55. Tatizo ni kwamba Oppenheimer ilipigwa kwa kamera za IMAX, na skrini hizo zilikuwa zimeshaahidiwa kwa Christopher Nolan, mwongozaji wake, wiki tatu mfululizo kuanzia Julai 21. Jambo hilo lilijulikana mapema sana, wala halikuwa siri kwa yeyote kwenye kazi hii. Tiketi ya IMAX ni ghali kuliko ya kawaida, na skrini zenyewe ni chache. Zile za kuonyesha Oppenheimer kwa mkanda halisi wa filamu wa milimita 70 zilikuwa 30 tu dunia nzima.

Hapa kwetu, Alhamisi mchana ya Julai 20, Mission tuliitoa ukumbi mkubwa tukaipeleka mmoja wa kumbi za nyuma, wenye viti vichache. Kumbi nyingine nzuri zikaenda kwa Barbie. Mission ikabakiwa na onyesho la alasiri na la usiku sana. Mzazi anayefanya kazi hadi saa kumi na moja hawezi kuja alasiri, na usiku ule yuko hoi. Wikendi ya pili ikashuka kwa zaidi ya asilimia 60. Hakuna aliyeichukia. Watazamaji wanaohojiwa mlangoni usiku wa kwanza waliipa alama A, sawa kabisa na Barbie na Oppenheimer.

Sasa wale wawili. Barbie ni dakika 114, Oppenheimer ni saa tatu kamili. Kwangu mimi mpanga ratiba, hizo ni bidhaa mbili tofauti kabisa. Barbie nilihitaji kuigawa kwenye kumbi nyingi za kawaida, onyesho likitoka jingine linaingia, kwa sababu wanakuja makundi: mama na binti zake, wasichana wa chuo, mabibi harusi na wapambe wao. Oppenheimer ilitaka skrini moja kubwa kuliko zote, na waliokuja kwa ajili yake walikuwa tayari kusubiri hiyo hiyo hata siku tatu. Hazikugombea ukumbi mmoja wala mtu mmoja. Halafu mtandaoni watu walikuwa wameshazifunga pamoja kwa miezi mingi, wakitengeneza mabango yao wenyewe, hata ikawa kuona moja bila nyingine ni kama hujamaliza shughuli. Nguo za waridi zilijaa kwenye korido hadi mlangoni, na nilikuwa nawatambua waliotoka kwenye bomu mchana wakirudi kwa mwanasesere jioni.

Na siyo mara ya kwanza. Julai 18, 2008, The Dark Knight, picha ya Batman ya huyohuyo Nolan, ilitoka siku moja na Mamma Mia!, ile ya nyimbo za ABBA. Batman akaingiza milioni 158 wikendi hiyo. Mamma Mia! ikaanza na milioni 28 tu, lakini akina mama na marafiki zao wakaendelea kuja wiki baada ya wiki, na mwishowe ikapita milioni 600 duniani. Mwaka 2008 Batman alikuwa wa studio ya Warner na Mamma Mia! ya studio ya Universal. Mwaka 2023 ni kinyume: Nolan yuko Universal, baada ya kutoelewana na Warner mwaka 2020 walipoamua kupeleka filamu zao mtandaoni siku ileile zinapoingia kumbini, na Warner ndio wenye picha ya wanawake. Mchezo uleule, wiki ileile ya Julai, wamebadilishana viti tu.

Kuhusu msimu: huku Juni hadi Agosti ni joto na shule zimefungwa, kwa hiyo kila siku ni kama Jumamosi. Hesabu ya msimu huanza Ijumaa ya kwanza ya Mei hadi sikukuu ya wafanyakazi, Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Zamani studio hazikuupa uzito. Aliyegeuza mambo ni Jaws, Juni 20, 1975: Universal waliifungua kwenye kumbi zaidi ya 400 kwa mpigo, na matangazo ya televisheni nchi nzima siku chache kabla, wakati desturi ilikuwa kuanza na miji michache kisha kusambaa pole pole. Miaka miwili baadaye ikaja Star Wars, Mei 25, na tangu hapo hakuna studio iliyoliacha joto lipite bure.

Dada wa Tanga

Kaka, ahsante kwa maelezo, lakini naona lawama nyingi umezitupia kumbi. Filamu mbovu huanguka hata ukiipa jengo zima. Angalia Juni 16, mwaka huohuo 2023. The Flash ilipewa kila kitu, matangazo mpaka kwenye mpira, ikaanza na milioni 55, wikendi ya pili ikapoteza zaidi ya asilimia 70. Siku hiyohiyo ilitoka Elemental ya Pixar, studio ya vibonzo, ikaanza chini ya milioni 30, mwanzo mbaya ambao Pixar walikuwa hawajauona kwa miaka mingi. Kila gazeti likaizika. Mwisho wa safari, Flash imefika milioni 271 duniani, Elemental milioni 496. Kumbi ndizo zilizofanya hivyo? Ni watu kuambiana. Mimi mwenyewe niliiona kwa sababu wifi yangu aliniambia nikae na mwanangu niitazame, na niliitazama nikalia.

Kijana wa Mbeya

Dada wa Tanga umenigusa hapo. Mlinda Skrini, naomba uongeze hili: Mission ilimaliza na kama milioni 570 duniani. Huku kijiweni wanasema hiyo ni hasara. Milioni 570 inakuwaje hasara jamani?

Mlinda Skrini

Dada, juu ya watu kuambiana hatupingani. Ila maneno ya wifi yako yanahitaji muda na ukumbi ili yafanye kazi. Elemental ilibaki hai kwa sababu baada yake hakikuja kibonzo chenye nguvu cha kuiondoa. Ile ya studio ya DreamWorks iliyofuata mwishoni mwa Juni ilianza na milioni 5 na ushee, ikapotea. Kwa hiyo kila Jumatatu tulipokaa na namba za wikendi kupanga Ijumaa inayofuata, Elemental ilikuwa bado ndiyo picha ya watoto inayojaza viti saa nane mchana, na hatukuwa na sababu ya kuitoa. Ingekutana na mpinzani wa kweli wiki ya pili, sifa zake zote zingesambaa wakati picha yenyewe haipo tena. Mission ilipata sifa hizohizo, alama A ileile. Kilichokosekana ni mahali pa kumpeleka aliyezisikia.

Na hili linaniuma. Vichwa vya habari Jumapili jioni vinahukumu kazi ya miaka mitatu kwa siku tatu. Namba ya wikendi ya kwanza inapima zaidi matangazo, jina na kumbi ulizopewa. Ukitaka kujua watu wameipenda, tazama wikendi ya pili. Top Gun: Maverick, Mei 2022, ilishuka kwa asilimia kama 29 tu wikendi ya pili. Jambo hilo kwa filamu kubwa halionekani mara nyingi, na ndiyo maana ilifika karibu bilioni moja na nusu. Tuliiweka kumbini hadi shule zikafunguliwa, na bado wazee waliokuwa jeshini walikuwa wanakuja na wajukuu.

Kijana wa Mbeya, hesabu ya hasara ni hii. Katika kila dola inayolipwa dirishani Marekani, studio inabaki na karibu nusu kwa wastani. Nyingine ni ya jumba. Nje ya Marekani fungu lao huwa dogo zaidi, na China ni kama robo tu. Kwa hiyo milioni 570 haikufika yote kwa Paramount, studio yenye Mission. Weka chini ya nusu yake. Filamu yenyewe iligharimu karibu milioni 290, sehemu kwa sababu ilipigwa katikati ya korona, kazi ikasimama na kuanza upya mara kadhaa. Juu ya hapo kuna matangazo, ambayo kwa picha ya ukubwa huo ni makumi mengi ya mamilioni. Barbie iligharimu kama milioni 145 ikaingiza bilioni 1.44. Oppenheimer ilitengenezwa kwa milioni 100, picha ya wanasayansi wakizungumza vyumbani, ikapita milioni 950. Ukitengeneza kwa kiasi, hata nafasi ya pili inakulipa.

Sisi wa kumbi hesabu yetu ni nyingine. Bisi na soda ndizo zinazolipa umeme na mishahara. Kwa hiyo Barbie kwangu ilikuwa baraka kuliko namba zinavyoonyesha: makundi, watoto, kila kundi na ndoo ya bisi.

Msomaji wa Kilimani

Niongezee hapo. Mwaka 2025, Mei 23, Mission ya mwisho ilitoka siku moja na Lilo & Stitch ya Disney. Nilidhani Paramount wamejitakia mabaya tena, kumbe Mission imefungua na milioni 64, rekodi ya mfululizo wote, huku Lilo ikichukua 146, na siku ya nne, Jumatatu ya sikukuu ya mashujaa ya Marekani, ikaifikisha zaidi ya 180. Je, walijifunza kutoka 2023?

Mlinda Skrini

Walijifunza, ndugu yangu. Safari hii walihakikisha IMAX ni yao kwa wiki tatu, na wakachagua mpinzani asiyetaka skrini hizo. Stitch anawataka watoto mchana, Cruise anawataka baba zao usiku. Wikendi ile ya sikukuu ya mashujaa ikawa kubwa kuliko zote zilizowahi kuwa za sikukuu hiyo, zaidi ya milioni 320 kwa filamu zote pamoja. Hapa kwetu familia zilikuwa zinagawana mlangoni: mama na wadogo kushoto, baba na kijana mkubwa kulia, wanakutana kwenye bisi. Nilifurahi sana siku ile, kwa sababu ndivyo jumba linavyotakiwa kuwa.

Lakini ratiba haiponyi gharama. Mission hiyo inatajwa kugharimu kati ya milioni 300 na 400, na imeishia karibu na 600 duniani. Rudia hesabu ya nusu niliyompa Kijana wa Mbeya uone inakofika. Lilo iligharimu kama milioni 100 ikavuka bilioni.

Kama mnataka kujipima kijiweni, shikeni Julai 2026. The Odyssey ya Nolan imepangiwa Julai 17, imepigwa yote kwa kamera za IMAX, na tiketi za baadhi ya maonyesho ya milimita 70 ziliuzwa mwaka mzima kabla. Spider-Man amepangiwa Julai 31, wiki mbili tu baadaye. Msianze kubishana nani ana jina kubwa. Ulizeni kwanza Julai 31 skrini kubwa ziko mkononi mwa nani, kisha nani ana picha fupi ya kurudia mara tano kwa siku.

Kijana wa Mbeya

Nimechukua namba zote, naenda nazo kijiweni jioni hii. Dada wa Tanga, Elemental naitafuta wikendi hii nimtazamishe mdogo wangu.