Tupeane uzoefu: taa za breki za magari ya kizamani, nani ameongeza mwanga na ikamsaidia?

Mzee wa 504
Wakuu, jana kwenye saa kumi na mbili jioni natoka Chalinze narudi Kibaha na Peugeot yangu ya 1979. Jua liko mgongoni, linapiga buti moja kwa moja. Kabla ya Mlandizi kuna bodaboda kaingia barabarani, nakanyaga breki, naangalia kioo: Coaster inakuja tu kama vile mimi sipo. Ikachepukia vumbini kushoto, konda katoa kichwa dirishani: "Mzee, hilo jeneza lako lina taa kweli?"

Nikasimama mbele, nikamwambia kijana wangu akanyage pedali. Taa zinawaka! Ila zinawaka kama kibatari, na kava nyekundu imepauka imekuwa rangi ya embe. Hatua kumi tu nyuma, jua likiwa linapiga, huwezi kusema inawaka au haiwaki.

Nafikiria kutoa globu za kawaida niweke LED, zile taa za kisasa zisizo na uzi wa kuwaka. Waliopita njia hii mwageni uzoefu.

Landrova Haizeeki
Umenikumbusha mbali sana mkuu. Nakaa hapa hapa.

Fundi Waya
Usikimbilie kununua kitu. Chukua mita, kijana akanyage breki, upime pale pale kwenye holda ya globu. Kama betri inasoma 12.6 na holda inasoma 10 na pointi, shida si globu. Globu ya kawaida volti zikishuka asilimia 10, mwanga unashuka kama asilimia 30. Waya wa miaka 40 na swichi iliyoungua ndani vinakula umeme njiani.

Anza na ethi, yaani pale umeme unaporudi kupitia bodi. Fungua skrubu inayoshika holda kwenye bodi, piga msasa mpaka chuma king'ae. Ukishindwa hapo, weka relei (swichi inayowashwa na umeme) kule nyuma ichukue umeme moja kwa moja kutoka betri, na fyuzi yake. Swichi ya breki ibaki kuamsha relei tu.

Chuma cha Mjerumani
Mambo ya relei ni ya mwaka 47. LED inakula umeme kiduchu, hata waya mchovu unaitosha. Na inawahi kuwaka kuliko globu kwa kama sehemu mbili za kumi ya sekunde. Gari la nyuma likiwa mwendo wa 100, hizo ni zaidi ya mita tano amekuona mapema.

Fundi Waya
Ethi mbovu ni mbovu tu, hata ufunge mwezi. Nimeletewa gari ya LED ukikanyaga breki inawaka indiketa. Ya mjerumani, kama wewe.

Chuma cha Mjerumani
Nyie mafundi wa chini ya mwembe mnataka kila kitu kiwe kazi ya siku tatu ili mlipwe.

Fundi Waya
Na nyie mkishaunguza ndo mnatufuata huko huko chini ya mwembe.

Otieno wa Kobe
Wazee, pole pole. Huku Nairobi nilinunua LED nyeupe pale Grogan kwenye maduka ya spea, nikaziweka nyuma ya kava nyekundu. Zikatoa rangi ya waridi, watoto wa mtaa wakaniita Barbie. Kama kava yako ni nyekundu, nunua LED nyekundu, kwa sababu ile nyeupe ina mwanga mwekundu kidogo sana ndani yake.

Kitu cha pili, na hiki ndicho kibaya zaidi: globu ya nyuma ina nyuzi mbili, ya wati 5 ya usiku na ya wati 21 ya breki. Tofauti hiyo ndiyo inamwambia mtu unasimama. LED za bei rahisi zinawaka karibu sawa zote mbili. Usiku makanika wangu alikaa nyuma, nikakanyaga, nikaachia, nikakanyaga. Akaniuliza, "Sasa utaanza lini?"

Kaka wa Bi Harusi
Nilikuwa nimejiapiza sitasimulia hii popote.

Tanga, harusi ya dada yangu. Gari ya bi harusi ni Vokswagen kobe ya marehemu baba, ya 1965, bado volti 6, taa za nyuma ndogo kama yai. Tuliipaka rangi, tukaifunga maua na riboni. Dereva mimi. Taa za breki nilizipima mwenyewe asubuhi, ziliwaka vizuri kabisa.

Mpiga picha akachukua nafasi ya mbele, kwa hiyo pikapu ya matarumbeta ikakaa nyuma yetu. Msafara unakwenda mwendo wa konokono, mimi nagusa breki kidogo kidogo maana shela ya dada imejaa gari nzima na sitaki kumrusha. Kufika kwenye kona mpiga picha akasimama ghafla. Nikagusa. Nikasimama.

Pikapu haikusimama.

Kishindo chenyewe si kikubwa, ila kobe injini iko nyuma. Mlango wa injini uliingia ndani ukabana puli, ikazima hapo hapo. Yule jamaa wa tarumbeta kubwa la besi alikuwa amesimama ameegemea kebini. Tarumbeta likamtoka, likapita juu ya kebini, likatua kwenye paa la kobe juu ya kichwa cha dada. Goma likaisha ghafla, ngoma moja tu ikaendelea peke yake kama sekunde tano hivi, maana mpigaji alikuwa amefumba macho.

Dada akashuka na shela yake, akaniangalia, hakusema neno. Akapanda pikapu ya matarumbeta, akaingia kanisani hivyo.

Landrova Haizeeki
😂😂😂 Nimecheka mbele ya wateja.

Binti Pangani
Poleni jamani. Ndoa ilifungwa lakini?

Mla Vumbi
Huyo wa ngoma apewe tuzo.

Mzee wa 504
Wakuu uzi wangu ni wa taa…

Binti Pangani
Taa zitasubiri. Dada alikusamehe?

Kaka wa Bi Harusi
Ilifungwa. Ana watoto watatu. Kwenye albamu picha zangu hazimo.

Fundi Waya
Hapo hata LED isingekuokoa. Kwenye kobe swichi ya breki haipo kwenye pedali, imefungwa kwenye masta silinda na inasukumwa na presha ya mafuta ya breki. Ikichoka inataka mguu mzito. Asubuhi ulipima kwa kukanyaga kweli kweli, kwenye msafara ulikuwa unagusa tu. Hazikuwaka kabisa.

Kaka wa Bi Harusi
Miaka yote hii nimemlaumu dereva wa pikapu.

Mla Vumbi
Mimi niliweka taa ya tatu juu ya kioo cha nyuma, inamweta kama disko. Hakuna anayenigonga.

Binti Pangani
Hakuna anayekugonga kwa sababu wote wanadhani wewe ni ambulensi. Trafiki hawajakuona?

Mla Vumbi
Wameniona. Elfu thelathini.

Otieno wa Kobe
Taa ya tatu isiyomweta ni wazo zuri lakini. Marekani ni lazima kwa magari madogo tangu modeli za 1986. Yangu nimeinata ndani ya kioo, sikutoboa bodi. Siku ya kwenda Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa, naibandua.

Landrova Haizeeki
Wenye Landrova Series za kabla ya 1967 angalieni, nyingi chanya ya betri ndiyo iko kwenye bodi. Nilichomeka LED ya kawaida, kimya. Nikarudisha dukani mara tatu nikamwita muuza tapeli. Ulizeni za chanya bodini, na kamwombeni radhi muuzaji kama mimi.

Duka la Spea
LED nyekundu zipo, njooni pembeni.

Fundi Waya
Umeanza.

Mzee wa 504
Nimepima leo. Kushoto 11.9, kulia 9.8. Skrubu ya ethi ya kulia ilikuwa kutu tupu, nimepiga msasa imefika 11.7. Kile kiakisi nyuma ya globu kilikuwa cheusi kama sufuria ya makande, nimekipaka rangi ya fedha. Kijana anasema sasa zinaonekana hadi kwenye geti la jirani. Kava mpya nimeagiza. LED bado sijaamua.

Chuma cha Mjerumani
Utaamua Coaster ikirudi.

Binti Pangani
Na yule wa tarumbeta alilipwa?

Kaka wa Bi Harusi
Alikula sahani nne za biriani, tukaita ni malipo.